Shauri la Wadudu Chungu



Mwezi huu twapenda kumtazama mdudu chungu. Hatumtazami kwa ajili ya bidii yake, kwani hiyo imekwisha kusifiwa sana, na kila mtoto mvivu huambiwa amwige. Twamtazama kwa ajili ya jambo jingine lisilosemwa mara nyingi, nalo ni jinsi wadudu hawa wanavyokata shauri. Watu wengi hudhani ya kuwa chungu wote ni sawasawa kama punje za mtama, na kwamba wote hufuata amri ya malkia wao. Dhana hii haikusimama mbele ya uchunguzi. Kazi ya malkia ni kutaga mayai, wala hatoi amri ya kuhama wala ya kwenda vitani. Na hao wafanyakazi, ijapokuwa ni ndugu wa tumbo moja, hawafanani kwa tabia. Yuko mwepesi wa kuridhika na yuko mgumu wa kuridhika. Yuko atokaye kwenda kupeleleza na yuko akaaye ndani. Yuko anayegutuka upesi na yuko anayekawia. Wataalamu wa siku hizi wamegundua kuwa tofauti hizi si dosari katika jamii ya chungu, bali ni msingi mmojawapo wa busara yake.

Jambo hili latuhusu sisi wenye nyumba kuliko tunavyofikiri. Kila nyumba hukata mashauri mazito: kuuza shamba, kuhamia mjini, kumwoza binti, kumpeleka mtoto shule ya mbali. Na katika mashauri hayo, mara nyingi yule akubaliye upesi huhesabiwa mtiifu, na yule asitaye huhesabiwa mpingaji wa heri. Huonekana kama kwamba nyumba ingekuwa na raha zaidi lau wote wangekuwa na moyo mmoja tangu mwanzo. Basi na tuone kama chungu wanakubaliana na maneno hayo.

Katika wilaya ya Butiama, mkoani Mara, pana mahali paitwapo Mwitongo. Ndipo ilipo nyumba ya Mwalimu Julius Nyerere, na ndipo alipozikwa baada ya kufariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Jina hilo katika lugha ya Wazanaki lina maana ya mahame, yaani mahali palipokuwa makazi ya watu, kisha wakahama wakapaacha. Mahame ni ukumbusho wa shauri lililokatwa. Hapo zamani watu walikaa wakazungumza: tukae au tuondoke? Tukiondoka, twende wapi? Maji yako wapi, na malisho, na jirani ni nani? Atakayechagua vibaya hatapata hasara siku moja tu, bali watoto wake wataila hasara hiyo miaka mingi. Kwa kuwa kuhama ndiko kunakopima akili ya jamii, na tuanze kwa kuwatazama chungu wanaohama.

Waliochunguza jambo hili kwa makini zaidi ni wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, wakiongozwa na Profesa Nigel Franks. Chungu waliyemchagua ni mdogo mno, urefu wake ni kama milimita mbili au tatu, na jina lake la kitaalamu ni Temnothorax albipennis. Hukaa katika nyufa za mawe, na kundi zima, malkia na wafanyakazi wake, mara nyingi halizidi mia chache. Udogo huo ndio uliowafaa wataalamu, kwani kundi lote laweza kukaa baina ya vipande viwili vya kioo juu ya meza, na kila chungu akatiwa alama ya rangi mgongoni ili ajulikane yeye ni nani.

Nyumba yao ikibomolewa, si wote wanaotoka kutafuta nyingine. Sehemu yao tu hutoka, nao ndio wapelelezi. Wengine hubaki na malkia na watoto. Mpelelezi akiuona ufa wa jiwe huingia, akauzungukia ndani, akaupima. Huangalia kama nafasi yatosha, kama ndani mna giza la kutosha, na kama mlango ni mwembamba wa kulindika. Asiporidhika hutoka akaendelea kutafuta. Akiridhika hurudi nyumbani, akamchukua mwenzake mmoja tu, akamwongoza polepole hadi kule, na yule wa nyuma humgusagusa kwa vipapasio vyake ili asipotee njiani. Mgeni huyo akifika haambiwi akubali. Naye huingia, akazunguka, akapima kwa nafsi yake. Akiridhika, yeye pia hurudi kumleta mwingine. Tena imeonekana kuwa nyumba ikiwa hafifu, aliyeiona hukawia zaidi kabla ya kwenda kumwita mwenziwe. Na nyumba ikiwa nzuri hukawia kidogo. Hivyo habari ya nyumba nzuri huenea upesi, na ya nyumba hafifu huburuta miguu.

Hali huendelea hivyo mpaka idadi ya chungu waliomo katika nyumba mpya ifikie kiasi fulani. Kiasi hicho chaweza kuitwa akidi, kama ile ya mkutano wa chama au baraza. Akidi ikitimia, mwendo hubadilika. Hawaongozani tena mmoja mmoja. Sasa huwabeba wenzao, na watoto, na malkia, na kuwahamisha kwa haraka iliyo karibu mara tatu ya ile ya kwanza. Mjadala umekwisha, na kazi ya kuhama imeanza.

Sasa lije swali lenyewe. Chungu huyu ambaye ubongo wake ni mdogo kuliko chembe ya mchanga, ajuaje kuwa nyumba hii ni bora kuliko ile? Zamani ilidhaniwa kwamba lazima wawepo walioziona nyumba zote mbili wakazilinganisha. Mwaka 2009 Elva Robinson na wenzake walitoa habari ya majaribio ambamo chungu walifungwa mgongoni vidude vidogo sana vya redio, ili ijulikane kila mmoja ameingia wapi na saa ngapi. Wakaona kuwa kulinganisha hakuhitajiki. Aliyefika katika nyumba mbaya mara nyingi huondoka akatafute tena, na aliyefika katika nyumba nzuri hutulia. Mwaka 2011 wakaeleza zaidi: yatosha kila chungu awe na kiwango chake mwenyewe cha kuridhika. Nyumba ikikifikia kiwango hicho hukubali, isipokifikia huondoka. Na viwango hivyo havilingani baina ya chungu na chungu. Kisha mwaka 2017 Thomas O'Shea-Wheller na wenzake walipima jinsi chungu mmoja mmoja anavyotofautiana na mwenzake katika kuikagua nyumba, wakaonyesha kuwa tofauti hizo ndizo zinazoliwezesha kundi zima kuipambanua nyumba njema na nyumba duni.

Pengine msomaji atasema, "Tofauti zaweza vipi kuleta busara? Si huleta ugomvi?" Na tupige mfano wa watu kumi wanaotazama nyumba ya kupanga. Wawili kati yao huridhika na chochote, maadamu pana paa. Watano wataka paa na maji. Wawili wataka paa, maji na jirani mwema. Mmoja hakuna kinachompendeza. Ikiwa nyumba ina paa tu, wataikubali wawili. Ikiwa ina paa na maji, wataikubali saba. Ikiwa ina yote matatu, wataikubali tisa. Waona basi kuwa hakuna hata mmoja aliyezilinganisha nyumba hizo tatu, lakini idadi ya waliokubali imekuwa kipimo kamili cha ubora wake: wawili, saba, tisa. Lau wote kumi wangekuwa wepesi wa kuridhika, nyumba ya kwanza yenye paa ingewapata wote, na hapangekuwa na namna ya kujua kama iko bora. Na lau wote wangekuwa kama yule wa mwisho, wangelala nje na mvua ikawanyeshea. Mwepesi huanzisha, mgumu huzuia, na baina yao kipimo hupatikana.

Yapo mambo mengine mawili katika majaribio ya chungu hawa ambayo hayafai kupitwa.

La kwanza ni habari ya haraka. Mwaka 2003 Franks na wenzake walieleza kuwa wakati wa taabu, kwa mfano upepo unapovuma juu ya kundi lisilo na nyumba, chungu hushusha akidi yao. Hukubali kuhama wakiwa wachache waliokwisha kuridhika. Hivyo hupata nyumba upesi, lakini hukosea zaidi. Kundi haliwezi kupata kasi na uhakika kwa pamoja. Likizidisha hiki hupunguza kile. Chungu hawafanyi haraka kwa sababu ya tamaa, ila hufanya haraka pale tu ambapo kuchelewa kwenyewe kumekuwa hatari.

La pili lilionekana Marekani, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, ambako Takao Sasaki, Stephen Pratt na wenzao walimtumia ndugu wa chungu huyu, aitwaye Temnothorax rugatulus. Mwaka 2013 walieleza kuwa nyumba mbili zinapokaribiana sana kwa ubora, kundi huchagua vizuri kuliko chungu mmoja aliyeachwa achague peke yake. Lakini tofauti ya nyumba ikiwa wazi kabisa, kundi halimshindi mmoja. Maana yake ni kwamba shauri la wengi lafaa hasa pale jambo linapokuwa gumu kupambanua. Kuita baraza la ukoo kwa ajili ya jambo lililo wazi kama jua ni kupoteza mchana wa watu.

Hapa Tanzania twakijua kisa chetu wenyewe cha kuhama. Mwezi wa Novemba 1973 ilitangazwa kuwa kukaa katika vijiji ni amri, na kwamba kazi hiyo imalizike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni ya watu walihama, na mkoa wa Mara ulikuwamo katika mwaka 1974. Nia ilikuwa kuwakusanya watu waliotawanyika ili shule, zahanati na maji viwafikie, na kwa kweli shule na zahanati ziliongezeka sana katika miaka ile. Lakini palikuwa na mahali ambapo kiwanja kilichaguliwa kwa haraka na maofisa, kando ya barabara, mbali na maji au mbali na mashamba, na nyumba za zamani zikabomolewa au zikachomwa ili watu wasirudi. Mzee aliyejua kuwa bonde lile hujaa maji wakati wa masika, na mama aliyejua ni kisima gani hukauka kwanza, hawakupata nafasi ya kuingia, kuzunguka na kupima. Kwa lugha ya chungu, watu walibebwa kabla ya akidi kutimia. Wala hapakuwa na upepo mkali uliolazimisha haraka ile, isipokuwa tarehe iliyokwisha kuandikwa.

Na turudi sasa kwa wadudu wenyewe, tuwaangalie wa kwetu. Katika nyika za Afrika kusini ya Sahara, na Tanzania imo, yuko chungu mweusi mkubwa ambaye huenda kwa msafara na kuchoma vikali, na akisumbuliwa hutoa sauti ya mlio mwembamba. Watu wengi humwita sungusungu, na wataalamu humwita Megaponera analis. Chakula chake ni mchwa. Wafanyakazi wake hawalingani kwa umbo: wakubwa hukaribia sentimita mbili, na wadogo ni kama nusu yake. Wanapofika penye mchwa, wakubwa huvunja udongo mgumu uliowafunika, na wadogo huingia ndani ya vijia vyembamba na kuwatoa. Kisha wakubwa huwakusanya mchwa wengi kinywani na kurudi nao nyumbani. Mkubwa hawezi kuingia katika kijia, na mdogo hawezi kuvunja paa. Kila mmoja, peke yake, angelala na njaa.

Lakini la ajabu zaidi ni namna vita vyao vinavyoanza. Haviwi kwa wote kuchomoka mara moja. Huanza na mpelelezi mmoja, ambaye hutoka peke yake na kutafuta. Akiwaona mchwa, haendi kuwashambulia wala hapigi kelele palepale. Huchunguza kwanza, kisha hurudi nyumbani kimya kimya na kuwakusanya wenzake, mia mbili, mia tatu, hata zaidi, na yeye mwenyewe huwatangulia. Erik Frank na Karl Eduard Linsenmair, waliowachunguza wadudu hawa katika mbuga ya Comoé, nchini Ivory Coast, walieleza mwaka 2017 kuwa shauri la kwenda vitani huelemea sana upimaji wa huyo mmoja aliyetangulia kuona. Hivyo mwenendo wa sungusungu umetofautiana na ule wa chungu wa mawe. Yule wa mawe hungoja akidi, kwa kuwa nyumba ni jambo la maisha. Huyu wa nyika humwamini mpelelezi, kwa kuwa mchwa hawatangoja. Lakini katika njia zote mbili lipo sharti lisilovunjwa: lazima awepo aliyekwenda akaona kwa macho yake mwenyewe kabla kundi halijaondoka.

Jina la mdudu huyu lilipata umaarufu mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, wanavijiji waliochoshwa na wizi wa ng'ombe waliunda vikundi vya ulinzi wakaviita Sungusungu. Vikaenea katika mikoa mingine, Mara ikiwamo, na mwaka 1989 sheria ikavitambua. Mahali pengi wizi wa mifugo ulipungua na watu wakalala usingizi. Hata hivyo baadhi ya vikundi vilishutumiwa kuwapiga watu bila ya kuwasikiliza, na kuwafukuza waliosingiziwa uchawi. Na hata pasipokuwa na vikundi hivyo, katika mikoa ya kanda ya Ziwa wameuawa wanawake wazee kwa dhana tu, wengine kwa sababu ya macho kuwa mekundu, nayo macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni ambako bibi huyo aliwapikia wajukuu maisha yake yote.

Hapa ndipo tofauti ya mtu na mtu ilipotakiwa, nayo ikakosekana. Yowe likipigwa na watu wote wakakimbia kwa kasi moja, hapana mgumu wa kuridhika aliyebaki nyuma kuuliza, "Nani ameona? Ameona nini?" Kundi ambalo wote ni wepesi wa kuamini si kundi lenye umoja. Limekuwa kama mtu mmoja mwenye hasira, ila mikono yake ni mingi zaidi. Waliolichukua jina la sungusungu walichukua wingi wake na uchungu wake, na ingefaa wamchukue na mpelelezi wake.

Tumepata katika hadithi za Mtume (s.a.w.) kisa cha nabii mmoja wa zamani aliyeumwa na chungu akaamuru mji mzima wa chungu uchomwe moto, naye akalaumiwa na Mola wake kwamba kwa kosa la mmoja ameuangamiza umma mzima. Asiyetofautisha baina ya mmoja na wengi huingia katika dhulma hata kwa wadudu, seuze kwa wanadamu.

Wala tusidhani kuwa sungusungu ni wakali tu. Frank na wenzake walitoa habari mwaka huohuo wa 2017 kuwa vita vikiisha, wadudu hawa huwachukua majeruhi wao na kuwarudisha nyumbani. Na habari ya mwaka 2018 ilieleza kuwa huko ndani huwaramba vidonda. Waliojeruhiwa wakanyimwa matibabu hayo, wanane katika kila kumi walikufa ndani ya siku moja. Waliotibiwa, alikufa mmoja tu katika kumi. Majeruhi wenyewe nao hawafanani. Aliyepoteza miguu miwili hujikunja akatulia ili abebeke kwa wepesi. Aliyepoteza miguu mitano hurusharusha ile iliyobaki, hatulii, na mwishowe huachwa. Kwa hiyo hata shauri la nani abebwe halikatwi na wabebaji peke yao. Anayebebwa naye ana sehemu yake.

Sisi Waislamu hatuwezi kumtaja chungu bila ya kuikumbuka Sura iliyopewa jina lake, An-Naml. Humo twasimuliwa kuwa Nabii Suleiman (a.s.) na majeshi yake walipolifikia bonde la chungu, chungu mmoja aliwaonya wenzake waingie majumbani mwao wasije wakakanyagwa na watu wasio na habari nao. Suleiman akatabasamu kwa kauli yake, akamshukuru Mola wake. Na tuzingatie kuwa aliyesema ni mmoja. Wengine hawakuwa wamesema neno. Lau ingekuwa desturi ya bonde lile kwamba asiseme mtu mpaka wote waone, wangeonea chini ya kwato za farasi. Na katika vitabu vya Sira imesimuliwa kuwa kabla ya vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, sahaba Al-Hubab bin Al-Mundhir aliuliza kama mahali pa kambi pamechaguliwa kwa wahyi au kwa rai. Alipoambiwa kuwa ni rai, alishauri wasogee hadi kwenye maji yaliyo karibu zaidi na adui, na Mtume (s.a.w.) akaikubali rai hiyo. Hakuambiwa kuwa amevunja umoja wa jeshi.

Yule mwenyeji wa Mwitongo, ambaye wakati wa serikali yake watu walihamishwa kwa haraka, naye alikuja kuonyesha upande wa pili wa somo hili. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza wananchi kama nchi iendelee na chama kimoja au iwe na vyama vingi. Watu zaidi ya 36,000 walitoa maoni. Karibu wanne katika kila watano walitaka chama kimoja kiendelee, ingawa wengi wao walitaka pia marekebisho. Mmoja katika kila watano alitaka vyama vingi. Tume haikusema kuwa wachache wamekwisha kushindwa kwa hesabu. Ilipendekeza vyama vingi, Mwalimu Nyerere akaunga mkono, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Mtu aweza kuwa na maoni yake juu ya jambo lenyewe. Lakini hawezi kusema kuwa sauti ya yule mmoja katika watano haikusikilizwa.

Sasa tuingie nyumbani. Tuseme baba wa nyumba moja ya Butiama ataka kuuza ng'ombe na sehemu ya shamba ili wahamie Musoma mjini, akafanye biashara ya samaki. Kijana wake mkubwa amekwisha kufunga mizigo moyoni. Mama auliza kodi ya nyumba ni kiasi gani, na maji yapatikana saa ngapi. Binti auliza habari ya shule. Bibi, mama yake baba, anyamaza, kisha asema, "Mwanangu, umekwenda kukaa huko hata wiki moja ukaona?" Mara nyingi katika nyumba zetu kijana husifiwa kuwa ana moyo, mama huambiwa ana wasiwasi, binti huambiwa bado mtoto, na bibi huambiwa ni mzee wa mambo ya kale. Kumbe hao wanne ni viwango vinne vya kuridhika, na baba amepewa kipimo nyumbani mwake bila ya kukinunua. Shauri likimridhisha kijana peke yake, bado ni hafifu. Likimridhisha mama na binti, limekua. Likimridhisha na bibi, na aanze kubeba.

Kutokana na haya twaweza kushika mambo machache. Kwanza, asibebwe mtu kabla hajapewa nafasi ya kuona kwa macho yake. Chungu huongozana mmoja mmoja kwanza, na kubebana huja baadaye. Pili, atafutwe aliyekwenda na kuona, na maneno yake yapewe uzito kuliko ya aliyesikia. Tatu, haraka ifanywe pale tu kuchelewa kunapodhuru, kama vile mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Lakini mwenye kuuza au mwenye kuposa akisema "leo au basi," hiyo ni haraka yake yeye, si yetu. Nne, shauri likiisha kukubaliwa na waliotosha, mjadala ukome na kila mtu achukue mzigo wake, hata yule aliyekuwa mgumu. Chungu aliyesita kuikubali nyumba hakai nje kwa kinyongo wenzake wakisha kuhamia, huingia nao.

Chungu si watu, nasi hatukuamriwa kuishi kama wao. Wao hawana hesabu ya kutoa Siku ya Kiyama, na sisi tunayo. Tena wao hawawezi kuwageukia wenzao na kuwauliza wanaonaje. Sisi twaweza, na ulimi tumepewa kwa kazi hiyo. Basi katika mwezi huu, msomaji wetu, ikiwa lipo shauri linalongoja nyumbani mwako, mtazame yule ambaye hujamwuliza bado, kwa kuwa wajua kuwa hatakubali upesi. Mwite, mketi, umsikilize mpaka amalize.